Kamba Juu ya Njia

Juzi pikipiki ilinizungusha nusu saa kunifikisha kwa mama, geti baada ya geti, ukuta baada ya ukuta.

"Madam, hii mtaa ilipangwa na nani?" dereva akafoka.

Ukisimama mlangoni kwa mama unawasikia wauza ndizi wa soko la Gakoromone wakiita wateja. Zamani tulikuwa tukifika huko kwa dakika chache. Njia ilikatiza kwenye shamba la kahawa la babu, na kijiji kizima kiliitumia.

Babu alipofariki, baba na ndugu zake waligawana shamba alasiri moja. Nakumbuka harufu ya udongo mbichi na nyundo ikigonga vigingi. Kila mmoja alidai haki yake mpaka inchi ya mwisho. Mimi nilipewa ncha ya kamba ya katani ya kupimia mipaka nishike, nikajiona mtu mkubwa.

"Na njia je?" mama akauliza.

"Watu watapita tu," baba akamjibu.

Nikamwamini. Nilidhani njia ni kama mto, haizibiki.

"Kendi, vuta! Usilegeze!" baba akaniambia.

Nikavuta kwa nguvu zangu zote, kamba ikakazika juu ya njia.

Dereva wa pikipiki alirudia swali lake. Nikamlipa, nikageukia ukuta uliosimama pale kamba ilipopita.