Injini Iliyozimwa Ikiwa Baridi

Fundi huyu tulimwita Pembetatu, na jina likamganda hata mkewe akawa hamwiti jingine. Magari mengine yana pistoni za kupanda na kushuka. Injini ya gari la kaka yake ina vyuma viwili vya pembe tatu vinavyozunguka, kama mtu anayejigeuzageuza kitandani usingizi ukimkataa. Alitueleza hayo kila tulipopita bandani kwake, tutake tusitake.

Gari lenyewe lilikuwa fupi, la milango miwili, la mbio. Kaka yake alilinunua ujanani, akalitesa miaka mitatu, injini ikafa. Likakaa uani chini ya turubai, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Kaka alipougua mapafu, Pembetatu akalivuta mpaka kwenye banda lililopakana na chumba cha mgonjwa.

"Nitalifufua, Kaka."

"Fanya haraka basi. Hata mimi natafuta fundi."

Ikamchukua miaka minne. Alianza na kutu ya sakafuni, akakata na kuchomelea bati jipya. Mwaka uliofuata akafungua injini, akabadilisha sili za kwenye zile pembe, vijipande vyembamba alivyoviosha kwenye beseni la shemeji yake, mke wa kaka. Beseni halikurudi jikoni tena, na maneno yake tuliyasikia mtaa mzima. Halafu ikaja rejeta kubwa zaidi, kisha turbo, feni ya kuisukumia injini hewa, yenye nguvu kuliko ya zamani. Kila kifaa alikipeleka kwanza kitandani, kaka akishike. Ile turbo mgonjwa aliipuliza ili feni yake izunguke. Haikuzunguka. Wakacheka.

"Litakula oili hili," fundi akasema. "Ndivyo lilivyoundwa."

"Tumefanana. Mimi nakula dawa na siendi popote." Akapumua kwanza. "Kulipanda sitaweza, mdogo wangu. Nataka nilisikie tu likinguruma."

Basi hilo ndilo lililobaki kati yao.

Ukutani fundi alikuwa ameandika kwa chaki: UKIWASHA, USIZIME LIKIWA BARIDI. Injini ya namna ile ukiizima kabla haijapata moto, petroli hujaa ndani na plagi zikalowa. Haiwaki tena mpaka uzifungue uzikaushe. Hata mimi nisiyejua spana nililijua hilo.

Siku ile, saa nne asubuhi, alifunga betri akasema ajaribu kwanza, asije akaaibika mbele ya mgonjwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Stata ikalia mara mbili, injini ikashika, sauti kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Mabati yakatetemeka. Shemeji yake akatoka mbio, mikono imejaa povu.

"Shemeji, zima! Hajafumba jicho tangu jana, ndiyo kwanza amelala!"

Akazima. Hakufikiri. Mkono uliozima ulikuwa wa mdogo mtu, si wa fundi. Kisha akageuka, akautazama ukuta.

Haukupita muda, sauti ikatoka chumbani. "Nimeota limewaka."

"Hukuota, Kaka. Subiri kidogo."

Alijaribu ufunguo, stata ikahangaika bure. Akachomoa plagi zote nne, zinachuruzika petroli, akaanza kuzifuta kwa shati lake mwenyewe.

"Bado?"

"Bado kidogo, Kaka."

"Bado?"

"Namalizia."

Mara ya tatu hakuuliza. Pembetatu alikuwa anakaza plagi ya mwisho shemeji yake alipokuja kusimama mlangoni.

"Ziache hizo, shemeji," alisema taratibu.

Wiki moja baada ya mazishi gari liliwaka kwa kuzungusha ufunguo mara moja tu. Shemeji yake akatoa kigoda, akakaa karibu na bomba la moshi. Mshale wa joto ulipofika katikati, fundi akanyoosha mkono kwenye ufunguo.

"Liache kwanza," mama yule akamwambia.

Akaliacha. Mafuta yalipokwisha, lilizimika lenyewe.