Kapo Ile Haikuwa Karboni

Leo nimekuja kuomba ushauri, mimi ninayegombana na kila mtu humu mtandaoni.

Wakati wa Zaire, mkubwa mmoja wa Chama tawala hapa Kisangani aliletewa kwa ndege kapo, yaani boneti, nyeusi ya nyuzi za karboni, kwa gari lake la mbio.
Papa, baba yangu, aliyekuwa fundi wake, ndiye aliyeifunga.
Siku hiyohiyo ikapasuka njiani. Mkubwa akasema Papa ameigonga nyundo, akampigisha magoti mbele ya mafundi wote.
Papa hakugusa tena gari la mtu.

Kipande cha kapo alikiweka. Asubuhi nimekipeleka kwa muuza vipuri, mtu wa Butembo. Amekikwangua kwa kisu, akacheka.

"Tonton, hii haiko karboni. Iko fibre de verre, nyuzi za kioo za bei ndogo, walifunika tu kitambaa nyeusi juu."

Nimekimbia nyumbani kama mshindi.

"Papa! Hukuwa na kosa!"

Hata hakuinua kichwa.

"Nilijua. Wakati nilitoboa matundu ya skrubu, vumbi ilitoka nyeupe. Ya karboni inatoka nyeusi."

"Na ukanyamaza?"

"Niseme mbele ya watu kama mukubwa amedanganywa? Mulikuwa batoto sita, mutoto wangu."

Wiki iliyopita niliandika hapahapa kwamba wote walionyamaza enzi ile walikuwa waoga. Mlinipigia makofi.

Dada yangu ananiambia alimsomea Papa chapisho lile. Papa aliomba arudie, kisha akauliza kama nimekula.

Niambieni, ninyi wenye wazazi wa umri wake: kumwomba msamaha naanzia wapi?