Nilimfukuzisha Mzee wa Watu kwa Kutu Yangu

Hasira zangu leo ni za kujichukia mwenyewe, basi nisomeni mnicheke.

Kibarua changu hapa Kwedizinga ni kuzungushia utepe wa grisi kwenye maungio ya bomba la maji, nati zisiote kutu. Ndicho kinachomlisha mwanangu. Juzi msimamizi kafungua utepe wa ungio moja kwenye bomba linalopanda tangini, nati zote kutu tupu. Nikaingiwa na hofu, nikamvaa mlinzi wetu wa usiku, mzee wa watu, hata shikamoo sikumpa.

"Wewe mzee unabandua utepe usiku, unakwangua grisi kuwauzia bodaboda, kisha unaurudishia."

"Mwanangu, mimi hata baiskeli sina."

"Usijifiche kwenye uzee."

Msimamizi akamfukuza palepale. Mzee akachukua tochi yake, akaondoka.

Ndipo msimamizi akafungua utepe wa ungio la pili, ambao haukuwa umeguswa na mtu. Maji ya mvua yakamwagika kutoka ndani ya mikunjo.

"Utepe unaanzia chini kwenda juu, kama nyasi za kuezekea, maji yateleze. Huyu kaanzia juu, kila mkunjo umekinga maji. Nani kafunga hapa?"

Wenzangu wote wakanitazama mimi. Barabarani mzee alikuwa bado anaonekana, nami sikumwita.