Sévère na Ukurasa wa Nane

Fundi Sévère wa Kilibula, mtaa wa mji wa Uvira, alitengeneza baiskeli miaka mingi kuliko fundi yeyote ninayemjua, lakini ukiuliza habari zake leo, hakuna atakayeanza na baiskeli. Wataanza na Bwana Nane. Mimi nilikuwa jirani yake, na dada yangu Apollinarie ndiye chanzo cha mambo yote, kwa hiyo naona inafaa niandike, maana kusimama na kusema mbele ya watu sikuwahi kuweza.

Sévère alitoka bonde la Ruzizi, kwa wakulima wanaosema Kirundi. Alisoma miaka mitatu kwa mapadri. Akajua Kiswahili, hesabu, na Kifaransa cha kusalimia tu. Tangu ujana alipenda magazeti ya picha, yale ambayo hadithi imekatwakatwa katika vyumba vidogo na watu wanaongea kwa mapovu yaliyochorwa juu ya vichwa vyao. Kabla ya uhuru alivuka hadi Usumbura, ambayo sasa ni Bujumbura, kuona sinema iliyotokana na gazeti moja kama hilo, la mpelelezi aliyetembea na bata. Alirudi amekasirika wiki nzima. “Bata hayuko!” alisema kwa kila mteja. “Wamemuacha nyumbani! Ile mutu bila bata ni mutu tu.”

Mwaka wa uhuru, 1960, Wazungu wengi waliondoka Uvira katika muda wa wiki chache. Apollinarie aliuza karanga karibu na soko, naye akapata kwa mpishi wa nyumba mojawapo makasha mawili ya magazeti ya watoto. Hakuyataka ya kusoma. Alichana kurasa, akazikunja kama pembe, akajaza karanga.

Siku moja Sévère alinunua karanga, akazimaliza, akakunjua karatasi. Humo akamkuta mtu mwenye joho jekundu na kitambaa cheusi usoni, ameinua ng'ombe wawili juu ya maji ya mafuriko, mmoja kila mkono. Akarudi mbio.

“Dada, ile mutu anapeleka ng'ombe wapi?”

“Ng'ombe gani? Minye niko nauza karanga.”

“Nipe ingine.”

“Nunua ingine.”

Akanunua. Ya pili ilikuwa tangazo la sabuni. Ya tatu ilikuwa na joho. Akaomba achague mwenyewe karatasi, Apollinarie akakataa katakata. “Weye ukichagua karatasi, wengine watachagua karanga. Kila mutu achukue inayomufikia.”

Basi Sévère akala karanga kila siku kwa mwaka mzima, hata siku za homa, mpaka tumbo likamtoka. Na kurasa zilizoangukia wateja wengine alizifuata nyumba kwa nyumba. Mmoja ulikuwa umetumika kuwashia moto. Mmoja aliupata kwa kuziba mpira wa baiskeli. Mama Spès, jirani wa ng'ambo ya barabara, alikuwa ameubandika wake kwenye mlango na hakutaka kuubandua, kwa sababu ulikuwa na rangi nzuri na ulizuia upepo. Kwa jumla alipata kurasa thelathini na moja, bila ule wa mlangoni.

Tabu ikawa ni kuzipanga. Jina la yule mtu halikuonekana popote, kwa sababu Apollinarie alikuwa akikata sehemu ya juu ili pembe ikae vizuri. Chini palikuwa na namba, lakini hadithi ile ilitoka kidogo kidogo kila wiki, na kila wiki ilikaa mahali pale pale gazetini. Kwa hiyo kila ukurasa ulikuwa ukurasa wa nane. Thelathini na moja, zote nane. Ndiyo sababu Kilibula wakamwita yule mtu Bwana Nane.

Sévère akazipanga kwa akili yake. Aliniambia hivi: “Nguo inachakaa. Haichakai ikawa mpya. Mwenye joho jipya, huyo iko mwanzo. Mwenye joho limechanika, huyo iko katikati. Na hapa, unaona, amevaa shati la viraka, hana joho, hana kitambaa, iko katika karakana anatengeneza gurudumu la mkokoteni. Huyo ni mwisho. Amemaliza vita, amerudi kwa kazi yake.” Mimi sikuona kosa lolote katika hesabu hiyo. Sisi sote nguo zetu ziliendelea hivyo hivyo.

Kila Jumapili baada ya misa alisimulia mbele ya karakana yake, akiinua ukurasa mmoja mmoja. Akifika kwenye ule wa Mama Spès, watu wote waliinuka, wakavuka barabara, wakautazama mlangoni, kisha wakarudi kukaa. Alimpa Bwana Nane sauti nzito ya puani, na adui zake akawapa sauti za mbuzi. Watu walijua mwisho kwa moyo, na bado walipofika kwenye gurudumu la mkokoteni walipiga makofi.

Mwaka 1964 uasi ulipofika Uvira, wengi tulikimbia. Sévère alizikunja kurasa zake ndani ya mpira wa zamani wa baiskeli, akafunga ncha mbili, akauvaa begani. Kwenye kizuizi kimoja mpiganaji mwenye ndevu akaukata kwa kisu akidhani ndani mna barua za serikali. Alizipekua zote, akasoma picha kimya kimya, akamwuliza, “Huyu ni wa upande gani?” Sévère akasema, “Wa ng'ombe.” Yule mtu akacheka, akamwacha apite, ila alibaki na ukurasa mmoja, ule ambao Bwana Nane anashikilia daraja lisianguke. Sévère alivuka mto Ruzizi kuingia Burundi na kurasa thelathini, na daraja hilo alilililia kuliko kitanda alichokiacha nyumbani.

Tuliporudi, hadithi nayo ikarudi. Safari hii alikuwako pia mwalimu Sylvestre, aliyekuwa amehamia Kilibula. Yeye alijua Kifaransa kweli kweli. Jumapili moja akachukua ukurasa wa gurudumu, akausoma, akakohoa.

“Fundi, usikasirike. Hapa huyu mutu anasema, ‘Kesho naondoka.’ Mutu anayemaliza safari haondoki kesho.”

“Anaenda sokoni.”

“Huu ni mwanzo, fundi. Umeishika hadithi kichwa chini.”

Watu wakaguna. Sévère akafuta mikono kwa kitambaa chake cha grisi. “Mwalimu, weye unasoma maneno. Minye niko nasoma nguo.”

Wangebishana hivyo mpaka leo kama isingekuwa habari iliyokuja wakati wa kiangazi cha 1966. Mtu wa sinema kutoka Bujumbura angeleta filimu katika ghala la zamani la pamba, na kwenye tangazo lililochorwa kwa mkono alikuwako mtu mwenye joho na kitambaa usoni. Jina lilikuwa lingine la Kifaransa, lakini ni nani asingemjua Bwana Nane? Kama ilivyokuwa desturi, sauti ya filimu ingepunguzwa, na mtu mmoja angeeleza kwa Kiswahili kwenye mikro, yaani kipaza sauti. Waliomba mwalimu Sylvestre.

Sévère akasikia, akasimama mbele ya watu, akasema bila kuulizwa: “Kama ile sinema inaanzia kwa karakana, minye nafunga kinywa. Sitasimulia tena Bwana Nane.”

Apollinarie alimvuta shati. “Weye, nani alikuomba kiapo?”

Lakini neno lilikuwa limetoka. Wiki nzima alitengeneza baiskeli vibaya. Mimi mwenyewe nilirudisha yangu mara mbili kwa breki ile ile.

Jumapili ile alasiri, milango ya ghala ilifungwa, magunia yakawekwa madirishani, na mashine ikaanza kulia. Nilikaa nyuma, Sévère kulia kwangu, Apollinarie kulia kwake. Kitambaa cheupe ukutani kikawaka. Karakana. Mtu mwenye shati la viraka anapiga gurudumu la mkokoteni.

“Kulikuwa na fundi mmoja,” alianza Sylvestre kwenye mikro, kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa pole.

Vichwa vyote vya Kilibula viligeuka kumtazama Sévère. Yeye akaweka kiganja juu ya kinywa chake. Alikaa hivyo mpaka Bwana Nane alipovaa joho lake kwa mara ya kwanza. Hapo kiganja kikashuka.

“Ni la majivu!” akanong'ona. “Joho ni jekundu, hili ni la majivu!”

“Si uliapa?” alisema Apollinarie.

“Kusimulia nimeacha. Kulalamika sijaacha.”

Na kweli hakuacha. Sinema ilikuwa haina rangi, hilo la kwanza. La pili, Bwana Nane aliporuka ukuta, kamba ilionekana mgongoni. La tatu, alikuwa mnene. “Angalia tumbo! Bwana Nane kiuno chake ni kama cha nyigu.”

“Na lako?” akauliza dada yangu.

“Langu ni karanga zako.”

Kilichomuudhi zaidi ni mbio. Gazeti, alisema, linakungoja: unaweka kidole juu ya picha, unakwenda kunywa maji, unarudi, adui bado ameinua rungu. Sinema haikungoji. Ukipepesa jicho, rungu limeshuka. Na ng'ombe alikuwa mmoja tu, tena mdogo. Lakini lilipofika daraja, lile daraja lililobaki kwenye kizuizi, Sévère aliacha kulalamika. Bwana Nane alilishika kwa mabega, maji yakipita chini, watu wakikimbia juu yake na watoto na mikeka. Nilimtazama Sévère. Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. “Hapa wamefanya muzuri,” alisema. “Acha niwape haki yao.”

Kisha ikafika mwisho. Bwana Nane alisimama juu ya mlima, joho likapepea, akaenda zake nyuma ya vilima. Maneno yakatokea, taa ya mashine ikazimika.

Hakuna aliyeinuka. Ghala zima lilikaa gizani likingoja.

Apollinarie akasimama. “Mwalimu, nyumbani anarudi lini?”

“Harudi, dada. Filimu imeisha.”

“Apana. Haijaisha. Watu wanarudi.”

Sauti nyingine ikasema, “Kweli, na sisi tulirudi!” Mama Spès akapiga kelele, “Mulete karakana! Karakana ya mwisho iko wapi?” Ghala likaanza kupiga miguu chini. Mtu wa mashine, ambaye hakuelewa kitu, aliuliza kama tunataka bobini ya kwanza, mkanda wa mwanzo, tena. Tukajibu wote pamoja kwamba ndiyo hiyo hiyo. Akainua mabega, akaipachika.

Karakana ikarudi. Shati la viraka, nyundo, gurudumu.

“Kulikuwa na fundi mmoja,” alisema Sylvestre.

“Eeeeeh!” watu wakamzomea, wakicheka.

Sylvestre akashusha mikro. Yeye pia alikuwa amekaa ng'ambo karibu mwaka mzima, na siku aliyorudi darasani alikuta ubao wake umefanywa mlango wa banda la kuku. Aliutazama mkono wa yule fundi kwenye kitambaa cheupe, ukipanda na kushuka. Kisha akasema kwenye mikro, “Fundi Sévère, hapa Kifaransa changu kimeisha. Njoo.”

Sévère akatikisa kichwa, akaonyesha kinywa chake. “Nilisema mbele ya watu.”

“Ulisema, kama sinema inaanzia kwa karakana. Watu wa Kilibula! Sinema hii inaishia wapi?”

“Kwa karakana!”

Wakamsukuma kutoka benchi hadi benchi mpaka mbele. Alichukua mikro kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, akapuliza, akashtushwa na pumzi yake mwenyewe. Halafu ile sauti nzito ya puani ikatoka, ikajaza ghala.

“Bwana Nane amerudi. Ametembea siku nyingi. Majirani walidhani amekufa. Tazameni shati. Joho limechanika vitani, halifai tena, basi amelikata, ametia viraka. Hivi hapa kwa kiwiko, hivi hapa kwa bega. Ni vyekundu! Hamuoni kwa sababu mashine ya huyu bwana haina rangi, lakini ni vyekundu.”

“Tunaviona!” Kilibula wakajibu. Na mimi, naandika nilichokiona, nilikuwa naviona.

“Anapiga gurudumu. Anapiga vibaya, huyu mnene hajawahi kushika nyundo, musimufuate. Lakini Bwana Nane wa kweli alipiga vizuri. Mukokoteni wa kwanza ni wa mama mujane. Wa pili ni wa mapadri. Kesho ataondoka...”

“Kwenda wapi?” aliuliza Sylvestre kando yake.

“Sokoni!”

Vicheko vilifunika mashine. Kwenye kitambaa cheupe yule fundi aliacha nyundo, akaenda polepole kwenye sanduku la pembeni, akainama, akashika mfuniko. Sisi tulioona mara ya kwanza tulijua kilichomo ndani: joho jipya. Sévère pia alijua.

“Zima!” akamwambia mtu wa mashine. “Zima hapo hapo!”

Mashine ikanyamaza. Makofi yakaanza gizani, yakaendelea mpaka Apollinarie alipofungua milango na jua la alasiri likaingia. Sylvestre alikuwa amemshika Sévère bega, akimwuliza Jumapili ijayo ataanza saa ngapi. Lakini Sévère alikuwa amezungukwa na watu hamsini njia yote ya kurudi, anawaeleza kwamba kamba ile mgongoni ilikuwa aibu, kwamba ng'ombe walipaswa kuwa wawili, na kwamba kama wangemuuliza yeye kwanza, kabla ya kupiga picha hata moja, angewaonyesha mtu mwembamba wa kufaa pale pale Kilibula.