Mwalimu wa Mwaka wa Kwanza na Mlango wa Jiko Letu

Jumatatu nilipigiwa simu kutoka Beni kwamba mwalimu wangu wa mwaka wa kwanza amekufa. Aliyenipa habari alilia kidogo, kisha akaniambia kuwa hata siku ya mwisho marehemu alimgombeza nesi kwa kukosea jina lake kwenye karatasi. Nikamwamini mara moja. Sikuwahi kukutana na mtu mwema aliyechosha watu kiasi kile.

Alitumwa kwetu Butembo kutoka Kasai mara baada ya uhuru wa Kongo, kijana mwembamba, na Kiswahili chake kilituchekesha hata sisi watoto wa miaka sita. Wazazi hawakumpenda. Walidhani uhuru umefika, kwa hiyo kufikia Ijumaa watoto watakuwa wanasema Kifaransa. Yeye alituimbisha ma, me, mi, mo, mu wiki nzima. Baba yangu, mkulima wa kahawa mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, akaenda shuleni na wenzake kumkaripia. Mwalimu akawakalisha kwenye mabenchi yetu, magoti yakawagusa videvu.

“Mutoto anajua kusema mama,” akawaambia. “Basi aanze kusoma mama. Kifaransa itakuja. Na nyinyi, kila jioni mumuombe awafundishe ile alijifunza. Alafu munyamaze, musikilize.”

“Mutoto afundishe mimi?” baba akauliza. “Mais, lakini mwalimu, mimi ndiye nilimuzaa!”

Baba alirudi nyumbani akicheka. Mama, ambaye hakuwahi kuingia darasani, hakucheka. Jioni ile ile, akiwa anamenya mihogo, aliniambia, “Haya, nifundishe.” Nikachukua kipande cha makaa, nikaandika kwenye mlango wa jiko. Mwanzoni nilijiona mkubwa sana. Baada ya wiki tatu nilikuwa nimekasirika, kwa sababu mama alikuwa anasoma haraka kuliko mimi, tena akinisukuma kando apate nafasi ya kuandika.

Kisha waasi wakaingia mjini. Walikuwa wanatafuta makarani na walimu, yeyote mwenye kujua kalamu, na wengine waliochukuliwa hawakurudi. Shule ikafungwa. Mwalimu, asiye na ndugu hapa, akapanda kilima hadi kwetu. Baba hakusema neno juu ya Kifaransa. Alimvalisha koti lake la shambani na kumkalisha jikoni apukuchue maharagwe.

Siku ya nne, kabla ya saa sita, wakaja watatu wenye bunduki. Mkubwa wao alitazama mlango.

“Nani aliandika hii?”

Baba akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake sauti haikutoka. Mimi nilikuwa nimeshika kanga ya mama, nikimwangalia mwalimu, jambo ambalo mtoto mwenye akili asingelifanya.

“Ni mimi,” mama akasema.

“Weye? Na huyu?”

“Huyu ni mufanyakazi. Hapana jua kitu. Hata maharagwe inamushinda.”

Hilo lilikuwa kweli. Yule mtu akaamuru mama aandike, aone. Mama akafuta mlango kwa kiganja, akaokota makaa, akaandika taratibu: mama, meme, mimi. Wakatazamana. Mkubwa wao akaangua kicheko.

“Kama hata bamama ya jikoni banaandika, tutakamata nani?”

Wakaondoka na kuku wetu wawili. Hatua zao zilipopotea, mwalimu akasema, “Mama, e yako inaangalia nyuma.”

“Mwalimu, umepona sasa hivi!”

“Ndiyo, na aksanti. Lakini inaangalia nyuma.” Akachukua makaa amwonyeshe, akayaweka. Akakaa chini kati ya maganda ya maharagwe, akalia kama mmoja wetu wa darasani.

Shule ilipofunguliwa, baba ndiye aliyebeba ubao mpya hadi darasani, na akakataa kushukuriwa. Mwalimu aliendelea na watoto wa mwaka wa kwanza hadi alipozeeka; wakubwa walimpa cheo ofisini mara mbili, akakataa mara mbili, akisema ofisini hakuna mtu anayetaka kujifunza.

Siku hizi wazazi wa hapa Butembo, wenye diploma na simu kubwa, wananiuliza mimi, mwanafunzi wake wa zamani, wamsaidieje mtoto anayeanza shule. Wamenunua mfuko, sare, viatu, na kitabu chenye picha za tembo. Wanachoogopa ni kuonekana hawajui, kwa hiyo wanampigia mtoto kelele au wanamwandikia mazoezi wao wenyewe. Mimi nawajibu hivi: kaeni chini karibu naye, mwambieni kwamba jambo hili hamlijui, awaonyeshe. Atafurahi kupita kiasi. Tangu azaliwe, ni mara ya kwanza anawashinda kitu, na kesho atakimbilia shuleni kutafuta kingine.