Ulanzi Haungoji Basi

Mimi si mtu wa safari. Hata nikiwa naenda Njombe mjini kununua sabuni tu, usiku wake silali vizuri. Naota nimeachwa na gari, naota nimeshuka bila viatu. Kwetu wananiambia nina roho ya kuku, na siwabishii. Kwa hiyo siku niliyopeleka ulanzi Makambako nilianza kuogopa kabla hata sijavaa.

Mama alikuwa Makambako kwa mdogo wangu. Alikuwa ametoka hospitali, kifua kimepona, lakini chakula kimemkataa. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, unamletea tu. Sisi tulimletea, akaugeuzia uso. Supu ya kuku wa kienyeji, viazi vya kuponda, ndizi, vyote alivitazama kama vitu vya mtu mwingine, akasema wapewe watoto. Mdogo wangu alikuwa ananipigia simu huku analia. "Dada, hali kitu. Mkono wake umekuwa kama ufito. Daktari amesema asipokula, dawa hazitamsaidia." Kisha siku moja mama mwenyewe akaomba simu. Sauti ilikuwa ndogo mpaka nikazima redio ili nimsikie. Akasema, "Ningepata mtogwa wa kwetu, pengine ningejaribu."

Mtogwa ni ulanzi mbichi, yale maji matamu ya mwanzi yaliyogemwa usiku, kabla hayajachacha. Makambako ulanzi upo tele, lakini ni ule wa vilabuni, uliolala, unaopiga kichwa. Mama hanywi huo. Alipopata kipaimara akiwa msichana aliahidi kanisani kwamba pombe haitapita kooni mwake, na ahadi hiyo ameishika kwa ukali ambao umetutia aibu kwenye harusi za watu. Mtogwa anaunywa, maana mtogwa si pombe. Mpaka kati ya viwili hivyo anaujua yeye. Anainamisha sikio kwenye kikombe. Kikiwa kimya anakunywa, kikinong'ona anamwaga. Na ulanzi hauna subira. Asubuhi ni kinywaji cha mtoto, mchana umeanza kuchemka wenyewe bila moto, jioni ni mkangafu, unaangusha wanaume.

Kazi yangu basi ilikuwa hiyo tu: nitoke kijijini hadi Njombe, nitoke Njombe hadi Makambako, nifike kabla kidumu hakijaanza kunong'ona. Kwa mtu mwenye akili zake ni safari ya asubuhi moja.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Jirani anayetugemea mianzi ya nyuma ya nyumba alichelewa, njia ilikuwa tope tupu, na mimi nilisimama mlangoni nimevaa sweta mbili na kitenge, nimeshika kidumu, namlaani kimoyomoyo. Alipofika, mbeta nyingi, vile vikopo vya mwanzi tunavyokingia, zilikuwa zimeingia maji ya mvua. Akazimwaga moja baada ya nyingine huku mimi nikiumia roho. Akachagua zile zilizokuwa zimefunikwa vizuri, akamimina mpaka kidumu kikakaribia kujaa. "Dada, usikaze kifuniko," akaniambia. "Ukikikaza kitakutukana mbele za watu." Nikamjibu kwamba mimi si mgeni wa mianzi.

Bodaboda ilituangusha kabla hatujafika kwenye lami. Haikuwa ajali ya kusimulia. Gurudumu liliteleza pole pole, na mimi nikaenda nalo pole pole, nikalala chali kwenye tope, kidumu nimekikumbatia tumboni. Dereva akaja mbio. "Pole, mama! Umeumia?" Nikamwuliza kama kifuniko kipo. Kifuniko kilikuwepo. Kiwiko kilikuwa kimechubuka, kitenge kimekuwa rangi moja na barabara, na simu iliyokuwa mfukoni mwa sweta ilikuwa imepasuka kioo na haikutaka kuwaka tena. Nilijiambia simu si kitu. Lakini kuanzia hapo sikuwa na namna ya kujua mama ameamka vipi, na wasiwasi ukishakosa habari hujitungia zake.

Stendi ya Njombe ilikuwa na ukungu, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Kosta ya Makambako ilikuwepo, ndani imekaa abiria watatu, na dereva wake alikuwa anakunywa chai taratibu kama mtu aliye likizo. Nilijua itakaa hapo mpaka ijae. Nikainamisha sikio kwenye kidumu. Kimya bado. Hapo likaingia basi kubwa lililotoka Songea kwenda Dar, injini haijazimwa, konda ananing'inia mlangoni. "Makambako! Makambako twende!" Nikalikimbilia.

Konda akakitazama kidumu. "Mama, hiyo pombe?"

"Ni mtogwa, baba."

"Mtogwa, mkangafu, mimi sivijui. Kaza kifuniko au kiende kwenye buti."

Kwenye buti kungekuwa na joto na magunia ya kukiangukia. Nikakaza. Nilikaza mbele ya macho yake, nikijua kabisa ninachofanya, kwa kuwa niliogopa kubaki stendi kuliko nilivyoogopa kifuniko. Konda akanikalisha viti vya mbele, karibu naye, na kila nilipopeleka mkono kwenye kifuniko aligeuka kunitazama.

Pembeni yangu alikaa baba mmoja mwenye suti ya kijivu, safi, iliyopigwa pasi mpaka mistari inasimama. Alikuwa anakwenda kwenye harusi. Mwanzoni tuliongea vizuri tu, kuhusu mvua, kuhusu bei ya viazi. Kisha nikasikia kidumu kinanong'ona mapajani mwangu. Nilikohoa ili asisikie. Kidumu kilikuwa kimeanza kuvimba, ubavu wake umekuwa mgumu kama ngoma, na mimi jasho linanitoka katika baridi yote ile. Konda alipoinama kuokota chenji, nikakilegeza kifuniko kidogo, kidogo tu.

Hakikutaka kidogo. Kililia, kifuniko kikaruka hadi dirishani, na povu likapanda, likamwagikia suruali ya kijivu yote. Nikakibana kidumu kwa kiganja, povu linatoka katikati ya vidole. Basi zima likacheka. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Tuwekee na sisi, mama!" Nikachukua ncha ya kitenge kumfuta yule baba, nikasahau kwamba kitenge ni tope tupu. Alitazama lile tope kwenye suti yake, akanitazama mimi. "Mama," akasema kwa upole uliouma kuliko tusi, "harusini nitafika nanuka kilabu." Akasimama, akaenda kukaa nyuma kabisa.

Maji yakimwagika hayazoleki, na ulanzi ndio kabisa. Ilibaki kama nusu. Nilichomeka kipande cha leso mdomoni mwa kidumu, kisha nikafumba macho nijifanye nimelala, maana sikuwa na mahali pengine pa kuuficha uso. Nilikuwa nimeamka kabla ya jogoo. Kujifanya kukawa kweli.

Nilipofumbua macho niliona misonobari. Misonobari kulia, misonobari kushoto, imepangwa mistari. Njia ya Njombe kwenda Makambako naijua, na haina misonobari ya namna ile.

"Makambako tumefika?" nikauliza.

Konda akashika kichwa. "Mama! Tumeita Makambako mpaka tukachoka. Nilikuwa nyuma na abiria wapya, nikadhani umeshuka na wenzako. Hapa tunakaribia Mafinga."

Walinishusha hapo hapo, kando ya barabara. Basi likaondoka na joto lake, na kukawa na ukimya ambao ndani yake nilisikia kidumu vizuri sana. Hakikuwa kinanong'ona tena, kilikuwa kinachemka. Nilikiweka kwenye majani, nikakaa kando yake, nikalia. Sikulia kwa sababu ya ulanzi. Nilikuwa na hofu moja ambayo hata mdogo wangu sikuwa nimemwambia: kwamba mama atanishukuru, atageukia ukutani, na kwamba ile ingekuwa mara ya mwisho kuomba kitu. Mtu akiacha kuomba, ujue anafunga mizigo.

Lori la mbao lilisimama baada ya mengi kunipita. Dereva alikuwa kijana, ana kofia ya sufu. "Shikamoo, mama. Unaelekea wapi?"

"Marahaba. Makambako, baba, nimepitilizwa."

Alicheka, akanifungulia. Ndani kulikuwa na joto la injini, jambo ambalo siku nyingine ningelishukuru. Nilikitoa kidumu nje ya dirisha, nimekishika kwa mkono mmoja kipate upepo. Dereva akanitazama akidhani nimechanganyikiwa, lakini hakuuliza. Nusu ya njia mkono ukafa ganzi, nikakirudisha ndani, na harufu ikajaa kote.

Ndipo trafiki akatusimamisha. Alipanda kidato, akaingiza kichwa dirishani, na uso wake ukabadilika. "Dereva, umekunywa?"

"Hapana, afande! Ni mama huyu!"

"Mama ndiye anaendesha?"

Nilianza kueleza, na nilipoanza sikuweza kusimama. Nilimweleza mama, kifua, chakula, kipaimara, mgema, bodaboda, suti ya kijivu, vyote kwa mkupuo, huku machozi na makamasi vinashindana. Magari yalikuwa yanapiga honi nyuma yetu. Trafiki alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kamwene, mama," salamu ya kwetu, nikajua ni mtoto wa nyumbani. Akaomba kidumu, akaichomoa ile leso, akanusa. Akairudisha leso mdomoni mwa kidumu.

"Mama, huu si mtogwa tena. Huu umekomaa."

Nilikuwa najua. Nilijua tangu kwenye misonobari. Lakini kuna kujua, na kuna kuambiwa na serikali. Alimruhusu dereva aende, akamwonya asiuguse.

Makambako jua lilikuwa limeshapita utosini zamani. Malori yamejipanga njia panda, mahindi yanapakuliwa, kila mtu anapiga kelele kumwita mtu mwingine. Nilisimama mbele ya duka nikanunua sukari robo, nia yangu niitie ndani ya kidumu ili utamu urudi. Nilikuwa nimeshaufungua mfuko nilipokumbuka kwamba sukari ingeuchochea tu. Nikafikiria kuumwaga wote kwenye mtaro na kumwambia mama ulimwagika njiani. Nusu yake ingekuwa kweli. Lakini nilikuwa nimechoka mno hata kusema uongo, na uongo kwa mama unataka nguvu. Nikatembea hivyo hivyo hadi kwa mdogo wangu, kidumu mkono huu, sukari mkono huu.

Alinikuta getini. "Dada! Tumekupigia simu siku nzima! Mbona uko hivyo?" Niliuliza kama mama amekula. Akatikisa kichwa.

Mama alikuwa ameketishwa kwa mito miwili, blanketi hadi kifuani. Alikuwa amepungua kuliko nilivyoambiwa. Kilemba kilikuwa kikubwa kuliko kichwa. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamwamkia, na kabla hajaitikia nikatapika yote. "Mama, umechacha. Nimechelewa. Nilipitilizwa mpaka Mafinga. Nisamehe, mama, ni pombe tu hii."

Alinitazama kiwiko, akanitazama kitenge. Akanyoosha mkono kuonyesha kikombe. Mdogo wangu akanitazama mimi, kisha akammiminia kidogo. Mama alikileta kikombe puani, akafumba macho. Nilingoja ageukie ukutani.

"Baba yenu alikuwa ananuka hivi kila jioni," akasema. "Kila jioni namgombeza. Sasa harufu hiyo ilikuwa imenitoka kabisa kichwani." Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani ni kikohozi. Alikuwa anacheka. Kisha akakitazama kikombe kwa makini, akakunja uso. "Lakini mzee yule hata siku moja hakunywa kabla hajala. Alisema mkangafu kwenye tumbo tupu ni ugomvi. Hamna ugali humu ndani?"

Mdogo wangu alitoka mbio hata akagonga mlango. Ugali wa mchana ulikuwepo, na maharage, akayapasha moto haraka haraka hadi nikasikia yanaungua. Tulimwekea sahani mapajani. Mama alinawa taratibu, akakata tonge dogo, akalichovya, akala. Akakata la pili. Tulikaa kama watu waliomwona ndege ametua dirishani. Alipumzika kati ya tonge na tonge, anapumua kwa mdomo, kisha mkono unarudi tena kwenye sahani. Machozi yalikuwa yananitiririka na sikuyafuta, nikiogopa kujongea.

Sahani ilipokuwa tupu, mdogo wangu akakichukua kile kikombe, akampelekea mdomoni.

Mama akarudisha kichwa nyuma, akatutazama wote wawili kama watoto wasiofunzwa.

"Mimi na pombe wapi na wapi?" akasema, akanyoosha sahani. "Niongezeeni maharage."