Salamu za Kupumulia

Kwetu Mgeta watu walinijua kwa mambo mawili: karoti zangu na haraka zangu. Karoti walizisifu. Haraka walizisema pembeni, kwamba yule mama anapita na tenga kichwani kama anafukuzwa, shikamoo anaitupa bila kugeuka, na marahaba inamkuta ameshavuka kijito. Ilikuwa kweli. Sikupenda salamu ndefu, na sikuona kwa nini mtu aniulize habari za nyumbani wakati nyumba yangu anaiona kutoka mlangoni kwake.

Kisha, miaka michache iliyopita, nikageuka mtu mwema.

Sikugeuka kwa hiari. Njia ya kutoka kwangu kwenda shamba la juu inapanda moja kwa moja, nayo nilikuwa naipanda tangu utotoni bila kuifikiria. Msimu huo pumzi ikaanza kuniishia kwenye kona ya kwanza. Moyo ulipiga mpaka nikausikia shingoni. Kulala chali kukanishinda, nikaongeza mto wa pili, halafu wa tatu. Lakini nisimame katikati ya njia nikihema, mbele ya watu walionijua kwa mbio? Heri nife.

Ndipo nikagundua faida ya salamu. Nyumba za kwetu zimepandana kando ya njia, na kila baada ya hatua chache kuna ua, na kwenye ua kuna mtu anamenya kitu. Pumzi ikinipungukia, natua tenga, nasalimia. Uzuri wa salamu za Kiswahili ni kwamba unauliza moja, mwenzako anajibu tano. Habari za asubuhi? Watoto? Mvua huko kwenu juu? Mguu unaendeleaje? Wakati anajibu mimi navuta pumzi kimyakimya, nimekunja uso wa mtu anayejali. Zamu yangu ikifika, najibu "njema". Neno hilo halihitaji hewa nyingi.

Sifa zikaenea. "Umri umemlainisha," walisema. Jumapili moja katekista akasema kanisani kwamba yupo mama kati yetu aliyejifunza kuwapenda jirani zake. Hakunitaja jina, lakini vichwa vyote viligeuka upande wangu. Nikaipokea sifa hiyo nikiwa nimekaa, kwa sababu kuimba nimesimama kulikuwa kumeshanishinda.

Kituo changu kikubwa kilikuwa kona ya pili, pale mlima unapokuwa mkali kuliko mahali pengine pote. Hapo anaishi bibi mmoja mjane, peke yake, aliyekuwa na mbuzi wa maziwa kwenye banda nyuma ya nyumba. Nilikuwa namuuliza habari za mbuzi. Bibi yule akianza kueleza mbuzi wake amekula nini, amekataa nini na ametoa maziwa kiasi gani, unaweza kupika maharage yakaiva. Nilimpitia kila siku ya shamba, na kila mara niliondoka nikiwa nimepoa.

Nilificha ugonjwa kwa sababu ya lile shamba. Kwetu ardhi inafuata upande wa mama. Mama yangu aliipata kwa mama yake, mimi nikaipata kwake, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Nilijua ikisikika kwamba siwezi kupanda, wataichukua kwa upole sana, watampa binamu yangu, na mimi watanishusha mjini kwa mdogo wangu wa Mwembesongo, nikae kwenye kiti, niulizwe kila saa kama nimekula. Mdogo wangu nampenda. Lakini ukiwa Mwembesongo milima ya Uluguru unaiangalia kwa mbali kama picha ya kalenda, na mimi nilitaka kuwa ndani yake. Nilijiambia heri nifie huko juu, na kidogo nife kweli.

Asubuhi moja nikafungua mlango nikamkuta mjomba amesimama na fimbo yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Chukua jembe. Leo tunakwenda wote shamba la juu, na leo hatusalimii mtu."

"Mjomba! Watu watatuonaje?"

"Nimeshawasalimia wote jana, kwa niaba yako na yangu. Twende."

Mzee wa umri ule alipita mbele kama mbuzi. Nilifika kona ya kwanza, nikaangalia ua wa jirani kwa hamu, mjomba akakohoa. Nikajikaza hatua kumi nyingine. Halafu nikakaa chini, kwenye udongo, jembe likaanguka upande wangu. Sikuweza kusema hata neno moja. Mjomba akarudi taratibu, akaketi kando yangu, akasubiri mpaka nilipoacha kuhema.

"Usiniulize nani kaniambia," akasema. "Kesho unashuka mjini."

Kwetu mjomba akisema hivyo, umeshashuka.

Hospitalini walinipaka kitu cha baridi kifuani, wakanipitishia kidude, na kwenye skrini moyo wangu ukaonekana unahangaika. Daktari alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa, mwenye subira kuliko mimi. Akanionyesha: moyo una milango yake, inaitwa valvu, na ule wa kutokea kwenda kwenye mshipa mkubwa haufungi vizuri. Damu inatoka, na nyingine inarudi ndani. Huenda ilianzia utotoni, kwenye zile homa za koo na maumivu ya viungo ambazo kwetu tulizitibu kwa kusubiri zipite. Valvu inatakiwa ibadilishwe, Dar es Salaam, kwa kupasuliwa kifua.

Nikakataa. Niliogopa, sioni sababu ya kudanganya. Nikatafuta njia ya mkato, na nilikuwa nayo, maana mdogo wangu alishanionyesha kwenye simu video ya watu wa nchi za mbali wanaopandikizwa pampu ndani ya moyo, wanatembea na betri kiunoni.

"Basi niwekeeni pampu," nikasema. "Hiyo valvu iacheni ilivyo."

Daktari hakunicheka usoni, nashukuru. Akasema pampu hizo zipo kweli, ni za watu ambao moyo wenyewe umechoka kusukuma, na wa kwangu bado una nguvu. "Lakini hata hao, mama, wengine valvu hii hii huanza kuvuja baada ya kuwekewa pampu. Pampu inachukua damu kwenye moyo, inaipeleka kwenye mshipa mkubwa, na damu inarudi moyoni kwa mlango unaovuja. Pampu inaichukua tena ile ile. Mashine inafanya kazi kutwa, na mgonjwa anazidi kuchoka."

Hilo nililijua. Niliwahi kukaa Dumila msimu mmoja kwa shemeji yangu, analima vitunguu kwa pampu ya petroli. Siku moja kile kidude cha mwisho wa bomba, kinachozuia maji yasirudi mtoni, kilikufa. Pampu ilinguruma kutwa nzima, mafuta yakaisha, na vitunguu havikupata tone. Shemeji aliipiga pampu teke. Mimi ndiye niliyemwambia aache kuipiga pampu, akaangalie huko chini majini.

"Nikikubali, nitapanda mlima?" nikauliza.

"Ukikubali, naamini utapanda. Bila mzigo kichwani. Usipokubali, mama, hata ngazi za hapa nje zitakushinda."

Nikakubali. Nililia kwanza, mdogo wangu akanishika mkono, halafu nikakubali.

Ya Dar es Salaam siyakumbuki vizuri, na sijutii. Nilitoka na kovu refu na valvu ya chuma, ambayo chumba kikiwa kimya naisikia inagonga kama saa ya mkononi. Nikapewa dawa ya kuzuia damu isigande, na sharti lililomchekesha mjomba mpaka akashika ukuta: mboga za majani nile kwa kiasi kile kile kila siku, nisizidishe leo na kupunguza kesho, maana zinaivuruga dawa. Mimi, wa Mgeta kunakolimwa mboga, nipimiwe mchicha! Nikakaa Mwembesongo miezi, nikaulizwa kila saa kama nimekula. Nilikuwa nimekula.

Niliporuhusiwa kurudi nyumbani, nilirudi na hasira moja. Nilitaka kumjua aliyenisema. Nimeshapona, ndiyo, lakini siri ni siri. Mjomba hakunificha tena. Siku ya kwanza ya kupanda nikapita kona ya kwanza bila kusimama, nikafika kwa bibi wa kona ya pili pumzi zangu zote zikiwa kifuani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Bibi, ni wewe uliyemwambia mjomba?"

"Ni mimi." Hata hakuacha kupukuchua mahindi.

"Kwa nini? Si tulikuwa tunaongea vizuri tu, mimi na wewe?"

"Tunaongea!" Akaniangalia. "Mwanangu, mbuzi yule alikufa wakati wa palizi. Wewe ukawa unapita hapa unaniuliza hajambo, na mimi nakujibu leo amekula majani ya viazi, pumba amekataa."

Nikachungulia banda nyuma ya nyumba. Lilikuwa limejaa kuni.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia amekufa ungesema pole ukaondoka. Pole ni fupi, na pumzi ilikuwa haijakurudia. Basi nikawa namlisha. Kila wiki ikabidi nimlishe kwa muda mrefu zaidi. Siku nilipomzalisha mapacha, wote majike, nikaangalia, bado unahema, nikajua maneno yangu yameisha. Nikachukua fimbo, nikaenda kwa mjomba wako."

Mjomba anakaa ng'ambo ya bonde. Kwa miguu ya bibi yule ni safari ya kutwa nzima.

Nikaona aibu ambayo sijapata kuiona. Nilidhani nimemtumia yeye kama kiti, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akinibeba. Nikamwambia asante, nikamwambia tena, machozi yakanitoka, nikaanza kutafuta mahali pa kukaa ili nimuulize habari zake sawasawa, safari hii kwa kusikiliza.

"Umechoka?" akauliza.

"Hapana, bibi."

"Basi nenda shambani kwako, jua linapanda. Mimi nina mahindi haya, na tangu ujana wangu sijawahi kupenda maneno mengi."